Ulinganisho wa wapiga picha: wa gazeti, wa studio au binti wa sanaa? Kwanjula Butambala, nikaha Kibuli

DadaWaKamati (Bombo)

Asalaam aleikum, na habari zenu nyote. Mdogo wangu anaoa Desemba, na kamati imenitwika mimi suala la picha, nadhani kwa sababu ndiye niliyelalamika kwa sauti kubwa juu ya albamu ya harusi iliyopita katika ukoo. Sisi ni Wanubi wa Bombo, bibi harusi ni Muganda wa Butambala. Kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kutambulishwa kwa wakwe, itakuwa kwao siku ya Jumamosi, wiki inayofuata nikaha Msikiti wa Kibuli, na jioni hiyohiyo karamu nyumbani Bombo. Wapiga picha nimewachuja hadi wamebaki watatu. Nawaeleza nilivyowaona, nanyi mniambie mngemchukua nani na kwa nini. Majina siweki, msiniulize.

Wa kwanza ni mzee wa gazeti. Alipiga picha za habari Kampala kwa miaka mingi: Bunge, mpira, mafuriko, maandamano. Sasa anakula kwa harusi. Huja na kamera mbili zimening'inia mabegani, flashi haitoi mfukoni ila kwa shida, na hapendi kabisa kumwambia mtu "geuka huku, tabasamu". Aliniambia kazi yake ni kufika mahali panapofaa kabla jambo halijatokea. Picha zake zimejaa watu wanaocheka hadi jino la mwisho, watoto chini ya meza, shangazi anayejifuta jasho kwa ncha ya leso. Mama yangu alizitazama mpaka mwisho akauliza, "Na sisi tuliosimama tukatulia tuko wapi?"

Wa pili ni wa studio. Amerithi studio ya baba yake na ameshika kazi tangu enzi za filamu. Huja na taa za kusimama, miavuli, kitambaa cha nyuma na vijana wa kubeba. Kila mtu kwake huonekana ameoga. Mikono imewekwa, kidevu kimeinuliwa, mikunjo ya gomesi, vazi la kike la Kiganda, imenyooshwa. Wazee wanampenda. Vijana wanasema harusi zote alizopiga ni harusi moja, wamebadilika tu maharusi.

Wa tatu ni binti aliyesoma sanaa Makerere, pale shule ya sanaa ya Margaret Trowell. Alianza na uchoraji, kamera ikamjia baadaye. Hutafuta mwanga wa dirishani, huacha nafasi kubwa tupu pembeni ya mtu, na picha zake ni chache kuliko za wenzake. Rangi zake zimeelekea kahawia. Kwenye Instagram zinavutia sana, hilo sikatai. Huja na msaidizi mmoja, naye ni wa kike.

Bei walizonitajia kwa siku zote mbili: wa gazeti milioni mbili na nusu, wa studio milioni tatu pamoja na albamu mbili nene, binti milioni tatu na laki mbili bila albamu yoyote. Haya, nawasikiliza.

---

JuaLaArua (Arua)

Wa gazeti, bila kufikiri mara mbili. Picha ya kupangwa unaweza kuipiga hata mwaka kesho, mkavaa tena nguo zilezile mkasimama. Baba akitoa machozi na kuyaficha haraka haijirudii.

Mnaikumbuka ile picha ya John F. Kennedy Mdogo akibusu mkono wa Carolyn Bessette wakitoka kanisani? Septemba 1996, kisiwani huko Georgia, Marekani, kikanisa cha mbao kisicho na umeme, na nje giza lilikuwa linaingia. Aliyeipiga ni Denis Reggie, mmoja wa walioeneza mtindo wa kupiga harusi kama mwandishi wa habari anavyopiga tukio. Hakuna aliyewaambia wabusiane. Walikuwa wanatoka mlangoni tu, mtu akawa tayari. Mpiga picha wa studio wakati huo angekuwa bado anatafuta pa kuchomeka taa.

---

MjukuuWaNubi (Bombo)

Arua, punguza moto. Kupanga picha nako ni ustadi, si uvivu. Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948. Watu walikuja na nguo zao bora, yeye akawasimamisha mbele ya kitambaa cha maua, akageuza bega, akashusha mkono, na kwa kawaida alipiga mara moja tu kwa kuwa filamu ilikuwa ghali. Leo picha hizo zimo katika makumbusho makubwa ya dunia, na ukizitazama unawaona watu walivyotaka waonekane. Huo nao ni ukweli.

Dada, nyumba yenu naijua. Ukutani pale sebuleni kuna picha ya babu na bibi wamekaa, mikono magotini. Hakuna aliyewahi kuiteta. Baba yenu anataka nyingine ya kutundika kando yake, na mzee wa gazeti hatampa.

---

KijanaMbale (Mbale)

Mtachagua mpiga picha wa milioni tatu, kisha mjomba atasimama mbele yake na tableti. Nimemaliza.

---

DadaWaKamati (Bombo)

Kijana umenichekesha, ila ni kweli. Mjomba huyo tunaye, na tableti yake ina kifuniko chekundu.

Mjukuu, baba amesema hivyohivyo jana usiku. Neno kwa neno.

---

LenziYaEntebbe (Entebbe)

Mimi ni wa kazi hii. Mara nyingi huwa mpiga picha wa pili, yule anayefuata nyuma ya mwenye kazi, kwa hiyo nimetembea na watu wa aina zote tatu ulizozitaja. Naomba niseme kwa kirefu kidogo.

Mahali mtu alipojifunzia kazi hujulikana kwa mahali anaposimama. Wa gazeti amezoea kutafuta picha moja. Mhariri atachagua moja kati ya mia, ikaenda ukurasa wa kwanza, zilizobaki zikafa. Jicho lake limefundishwa kuwinda kilele cha tukio, na kwa hilo hakuna atakayemfikia. Lakini harusi inahitaji mamia ya picha za heshima, na nyingi ni za vitu visivyo na habari yoyote: bibi amekaa tu, sahani za zawadi, kaka wa bwana harusi waliotoka mbali na hawatarudi karibuni. Kwake yeye mambo hayo hayajatokea, kwa hiyo hayaoni.

Wa studio anatawala mwanga, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Tatizo ni kwamba kwanjula haimsubiri. Makundi yanatoka nyumbani moja baada ya jingine yakisalimia wageni, ssenga, yaani shangazi wa bibi harusi, anapita kati ya viti akimtafuta bwana harusi, muziki umepanda, msemaji wa upande huu anamtania msemaji wa upande ule, na yote yanatokea kwenye nyasi katikati ya mahema mawili yanayotazamana. Taa yako ya kusimama utaiweka wapi pasipokuwa mbele ya wakwe? Nimeona mpiga picha akimwomba ssenga arudie kumvisha bwana harusi ua. Ssenga alirudia, ndiyo, lakini uso wake mara ya pili ulikuwa wa mtu aliyeombwa kurudia.

Wa sanaa huona umbo na nafasi mapema kuliko sisi wengine. Udhaifu wake ni muda. Anaweza kumpenda bibi harusi dirishani dakika kumi nzima huku nje baba mkwe anawasili.

Kwa hiyo usimuulize mtu "mtindo wako ni upi". Kila mmoja atakujibu vizuri, wamezoea. Mwambie akutumie harusi moja yote, kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho, ya siku iliyokuwa na mvua au umeme uliokatika. Instagram ni picha bora za miaka mitatu. Harusi yako itakuwa siku moja.

Ukizipata, kwanza tazama za mchana. Sisi tupo mstari wa Ikweta. Mwezi Machi na Septemba jua la mchana linakuwa karibu wima juu ya kichwa, na hata Desemba bado liko juu sana, kwa hiyo saa saba macho ya watu hugeuka mashimo meusi. Anayejua kazi huwasogeza watu kwenye kivuli cha mwembe au ukingo wa hema, au hulijaza lile giza kwa flashi kidogo ambayo huitambui. Jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na baada ya hapo mwanga wa anga hudumu kama dakika ishirini hivi. Ratiba ikichelewa, na itachelewa, ule muda wa picha za wawili wakati wa jua laini haupo tena. Muulize atafanya nini hapo. Jibu la "tutaona" halitoshi.

Kisha tazama ngozi na kanzu pamoja. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Wanaume kumi wa kanzu nyeupe wakijaa kwenye picha, kamera hudhani mwanga umezidi, ikapunguza, nyuso zikapotea. Uso wa mtu mweusi kama mimi ukijaa, huongeza, kanzu ikaungua ikawa karatasi tupu isiyo na mshono wala tarizi. Hata filamu za rangi za zamani na kadi za Kodak za kusawazishia rangi zilipimwa kwa ngozi nyeupe, kwa hiyo tatizo si la jana. Mpiga picha mzuri wa hapa kwetu husoma hilo kwa jicho na kurekebisha kwa mkono. Kwenye harusi nzima utaona kama analijua au alibahatisha picha tatu.

Na hema, ndugu zangu, hema! Watu hugombana juu ya lenzi, wakati kinachoharibu picha nyingi za kwanjula ni kitambaa cha zambarau au kijani kilichoning'inizwa juu ya vichwa. Jua likipita humo, kila aliyekaa chini anakuwa wa rangi hiyo. Flashi ukiielekeza juu inarudi na rangi ileile. Hariri utakavyo, uso ukikaa sawa, gomesi inaharibika. Hema jeupe ni rafiki wa kila mpiga picha niliyemtaja.

---

JuaLaArua (Arua)

Lenzi umeandika vizuri, ila umemwonea mzee wa gazeti. Wapiga picha wa habari wa nchi hii wana jicho la watu wa kawaida pia. Fuatilieni kazi zinazotokea kwenye Uganda Press Photo Award, inayotolewa tangu 2012. Zimo picha za maisha ya kila siku ambazo hazina rungu wala moshi.

---

LenziYaEntebbe (Entebbe)

Sijamwonea. Nimesema mahali anaposimama. Wapo waliojifunza kusimama penginepo, na ndiyo maana nikasema aombwe harusi nzima.

---

BiHajati (Kibuli)

Nyote mmeongea juu ya hema na jua, hakuna aliyeuliza nani ataingia kwa wanawake.

Binti yangu DadaWaKamati, nisikilize. Nikaha ikifungwa msikitini, wanaume wako mbele na bwana harusi na walii. Bibi harusi wengi hapa kwetu hawapo pale. Wako kwa shangazi, na wenzao, hina bado mbichi, wanasubiri simu iseme imekwisha. Simu ile ikilia ndipo mambo yanapokuwa. Vigelegele, kilio, mama anasujudu. Mitandio imeanguka. Mzee wako wa gazeti na kamera zake mbili atakuwa Kibuli amevua viatu, na hata angekuwa nyumbani asingefunguliwa mlango. Tuliozeshwa sisi bila picha hata moja ya chumba kile, na ndicho chumba ninachokikumbuka.

Kwa hiyo mimi sioni mashindano hapo. Binti wa Makerere ana msaidizi wa kike. Mmoja kwa wanawake, na mwingine kwa wanaume msikitini? Hilo la pili muulize waziwazi, na waulize wa msikiti pia.

Jambo jingine: picha za chumba kile zisiende kwenye ukurasa wa mtu yeyote. Mtaje kwenye mkataba kwamba zilizopigwa ndani kwa wanawake ni za familia, hazitangazwi, wala kwa "mfano wa kazi". Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, inataka ridhaa ya mtu, na sura yako ni taarifa yako. Lakini usingoje kufika kwenye sheria. Aibu ikishatoka hairudi kwa hukumu.

---

DadaWaKamati (Bombo)

Mama Hajati, Mwenyezi Mungu akupe umri. Hilo la chumba halikuwa kwenye orodha yangu, na kamatini tumejaa wanaume. Naanza kuwaandikia wote watatu leo, nadai harusi nzima na nauliza habari ya upande wa wanawake.

---

MkweWaMbarara (Mbarara)

Wakati unasubiri majibu: kwanjula ni shughuli ya wakwe. Wao ndio wenyeji, nyinyi ni wageni mnaobisha hodi. Umeuliza kama nao wana mpiga picha wao? Kwetu kwenye kuhingira, sherehe yetu ya kumwaga bibi harusi, nimeshuhudia wawili, mmoja wa kila upande, wakisukumana kiwiko mbele ya bibi harusi aliyevaa mushanana, vazi la kwetu la sherehe, na kila picha ya mmoja ina mgongo wa mwenzake. Ongeza vijana wa video na taa yao juu ya mlingoti mrefu. Wakwe wakiwa na wao, wa kwenu apewe upande wenu tu: msafara wa kuingia na zawadi vichwani, nyuso zenu mkisubiri, wasemaji wenu. Hizo ndizo picha ambazo wa kwao hatapiga, kwa sababu hawafahamu.

Na droni, mtu akiwaahidi, mwambie aoneshe kibali. Mamlaka ya Usafiri wa Anga inataka kibali, na vyombo vya usalama navyo vina lao. Bombo ni mji wa kambi ya jeshi, mnajua wenyewe.

---

MjukuuWaNubi (Bombo)

Droni Bombo! Mkwe umesema jambo la maana kuliko yote humu.

---

MhasibuWaKamati (Jinja)

Nimekuwa mweka hazina wa kamati za harusi kiasi cha kuzichoka. Fedha za harusi zetu ni ahadi za mikutanoni, huingia kwa matone kupitia simu, na mpiga picha hulipwa mwisho baada ya mpishi, mahema na keki. Ndipo picha zinapokwama. Maharusi wamerudi kazini, kamati imevunjika, balansi haina mwenyewe, mpiga picha amekalia diski yake. Lipa sehemu mkitia saini, sehemu kubwa asubuhi ya siku yenyewe kabla hajatoa kamera kwenye begi, na mbakishe kidogo cha kulipa mkipokea picha. Andikeni idadi ya chini ya picha zilizohaririwa, tarehe ya kupokea, nani anatunza nakala na kwa muda gani. Andikeni nani anaruhusiwa kuzitangaza. Sheria ya hakimiliki ya 2006 inazilinda picha, ila ugomvi mwingi niliouona ulitokana na watu wawili waliodhani kila mmoja ndiye mwenye picha.

Pia muulize kama kamera yake huandika kwenye memori kadi mbili kwa wakati mmoja. Kadi moja ikifa, harusi haifi nayo. Akikushangaa, endelea na mwingine.

Na mlisheni. Mpiga picha asiyekula tangu alfajiri hupiga picha za chakula tu.

---

DadaWaKamati (Bombo)

Nimerudi. Majibu yamekuja, nayo yamenivuruga zaidi ya nilivyotarajia.

Wa studio hakutuma harusi nzima. Alisema kazi zake ziko kwenye albamu za wateja, niende studio nikaangalie. Nilikwenda. Albamu ni nzuri kweli, ngozi na kanzu vimekaa sawasawa kabisa, Lenzi ungempigia makofi. Lakini kwanjula nzima imekuwa makundi yaliyosimama. Nilitafuta picha moja ya ssenga akitembea, sikuiona. Upande wa wanawake akasema atamtuma mke wake na simu.

Mzee wa gazeti alituma harusi nzima siku ileile, bila maswali. Kwanjula yake nimeitazama usiku mpaka simu ikazima. Kuna picha ya kaka wa bibi harusi anapokea jogoo wake wa desturi, na jogoo ndiye mwenye hasira kuliko wote pale. Sijaona kitu kama hicho. Kisha nikafika kwenye picha za familia: wazee wamekatwa mabega, mmoja amefumba macho, na zimo chache mno. Upande wa wanawake akajibu kwa uungwana kwamba hana mtu.

Binti alituma harusi ambayo mvua ilinyesha na umeme ukakatika katikati ya karamu. Wakati wa giza aliwakalisha maharusi karibu na taa za gari na mishumaa ya mezani akaendelea, na picha hazikuporomoka. Za familia zipo zote, kavu kidogo, lakini kila mtu ana macho. Lawama yangu ni rangi. Magomesi yote yamekuwa kahawia na waridi iliyofifia. Nikawaza gurbaba, yale mavazi ya Kinubi ya shangazi zetu, na vile vifuniko vya sahani vya Kinubi vilivyosukwa kwa rangi zote za dunia, vyote vije vionekane vimesahauliwa juani? Nikamwambia hivyohivyo.

---

LenziYaEntebbe (Entebbe)

Na akasemaje? Maana rangi hiyo haimo kwenye kamera. Ni mchanganyiko wa kuhariri, wengine hununua ukiwa tayari, umetengenezwa kwa harusi za Ulaya za nguo nyeupe na majani ya vuli. Akiwa na faili mbichi, zilivyotoka kwenye kamera kabla ya kuhaririwa, anaweza kurudisha rangi kama ilivyokuwa. Swali ni kama atakubali, kwa sababu kwa wengine hiyo ndiyo sahihi yao.

---

DadaWaKamati (Bombo)

Alinyamaza siku mbili, nikadhani nimemuudhi. Kisha akanitumia picha kumi za harusi ileile amezihariri upya. Zambarau ni zambarau. Ameandika tu: "Rangi za shangazi zenu zitabaki za shangazi zenu." Alisema pia msaidizi wake atakaa kwa bibi harusi tangu asubuhi, na yeye mwenyewe atakwenda Kibuli baada ya kuongea na wa msikiti juu ya mahali pa kusimama. Flashi hatatumia, na kamera yake haitoi sauti.

---

LenziYaEntebbe (Entebbe)

Vizuri. Mkumbushe tu: kamera ikipiga kimya chini ya baadhi ya taa za LED, picha hutoka na mistari ya giza inayokatiza. Akapime mwanga wa msikiti siku moja kabla. Akiwa wa kazi atakuwa ameshaliwaza.

---

BiHajati (Kibuli)

Huyo ni mtu. Aliyekubali kuambiwa juu ya rangi yake ataambiwa na juu ya mambo mengine.

---

DadaWaKamati (Bombo)

Kamati imekaa jana. Tumemchukua binti kwa siku zote mbili. Baba alikataa kutia saini mpaka apate kitambaa chake, basi tumeelewana na wa studio kando: atakuja Bombo mchana wa karamu na taa zake na pazia, atakaa barazani masaa mawili, atapiga wazee mmoja mmoja na wawili wawili, atachapa, atalipwa kwa kazi hiyo tu. Alifurahi kuliko alivyofurahia harusi nzima. Mama tayari amechagua viti.

---

JuaLaArua (Arua)

Kwa hiyo mmemwacha aliyempiga jogoo. Sawa. Mimi nimemwandikia, wangu ni Aprili, na sisi Arua wazee wetu hawapendi kusimama hata hivyo.

---

MhasibuWaKamati (Jinja)

Dada, rangi za studio na za binti hazitafanana. Waambie mapema kwamba ni albamu mbili tofauti, msije mkazichanganya mkalaumiana.

---

DadaWaKamati (Bombo)

Tumeshaandika: albamu ya baba ni ya baba. Sasa nina swali jipya. Binti ameuliza hema la upande wetu Butambala litakuwa jeupe au la rangi, na wakwe wanasema mtu wao wa mahema ana zambarau na dhahabu tu. Kuna anayemjua mwenye mahema meupe kati ya Mpigi na Gombe?

---

MkweWaMbarara (Mbarara)

Ninaye mmoja Mpigi. Njoo kwa ujumbe wa faragha, ila wakwe waombwe kwanza kabla hujaleta hema lako nyumbani kwao.